Tumbo likivurugika kwa dawa ya sukari: kipi ni cha dawa, kipi si cha dawa

Tangu habari za sindano za kupunguza mwili zianze kuzagaa kwenye simu, Kigoma nzima inauliza swali moja, kuanzia barazani Ujiji hadi kwenye mabenchi ya kliniki ya sukari: hivi hizi dawa zinaharibu tumbo? Mmoja ameona video ya mtu wa ng'ambo ambaye tumbo lake "limegoma" baada ya kuchomwa sindano. Mwingine anameza metformin na kila asubuhi anaharisha. Wakikaa pamoja, habari hizo mbili zinageuka moja, na mama aliyekuwa akitumia vidonge vyake vizuri anarudi nyumbani anavifungia kabatini. Wiki chache baadaye anapimwa kidole, mashine inasoma 20, sukari ya juu mno.

Huyo mama ndiye ninayemwandikia. Dawa hizi zinavuruga tumbo kweli, na kumwambia mgonjwa kwamba ni mawazo yake tu ni kumkosea. Lakini kila dawa inavuruga kwa njia yake. Nyingi ya shida hizo zinategemea kiasi cha dawa, saa ya kuimeza na kile kilichomo tumboni wakati huo, mambo ambayo yanarekebishika. Anayeacha dawa bila kumwambia mtu anajinyima nafasi ya kurekebishiwa.

Tuanze na maneno mawili ya kliniki. Maudhi madogo madogo ni usumbufu unaokuja na dawa lakini hauharibu kiungo: kichefuchefu, tumbo kunguruma, gesi, kuharisha, kufunga choo, ladha ya chuma mdomoni. Madhara makubwa ni yale yanayohitaji hospitali. Makala hii inahusu zaidi maudhi, na mwishoni tutafika kwenye dalili za hatari.

Dawa zenyewe nitazigawa hivi. Kuna vidonge vya sukari ambavyo wengi wetu tunavijua, yaani metformin na vile vya jamii ya glibenclamide. Kuna insulini, ambayo kwa kawaida haina ugomvi na tumbo. Kuna sindano mpya za jamii inayoitwa GLP-1, ambazo semaglutide ndiyo maarufu kuliko zote. Halafu kuna orlistat, kidonge cha kupunguza uzito kinachozuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini.

Metformin: kidonge cha zamani chenye kesi nyingi

Metformin si dawa ya majaribio. Ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957, Uingereza ikafuata mwaka 1958, na Marekani ikaikubali mwishoni mwa 1994. Asili yake inatokana na kemikali zilizogunduliwa kwenye mmea mmoja wa Ulaya. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi kwenye damu, na kuusaidia mwili uitumie vizuri insulini yake wenyewe.

Sasa kwa nini dawa inayolenga ini ilivuruge tumbo? Kwa sababu kabla ya kufika kwenye ini inapita kwenye utumbo, na huko inajaa. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kiasi cha metformin kinaweza kuwa mara 30 hadi 300 ya kile kilichomo kwenye damu. Wingi huo unaamsha kemikali zinazoharakisha mwendo wa utumbo. Unafanya pia nyongo ibaki nyingi zaidi kwenye choo, na nyongo inavuta maji. Vijidudu vya kawaida vinavyoishi tumboni navyo vinabadilika, na gesi inaongezeka. Kwa hiyo choo cha majimaji baada ya metformin hakimaanishi kwamba umelishwa sumu. Hakimaanishi pia kwamba "sukari inatoka", kama wanavyosema wengine kwa kujipa moyo. Utumbo unakwenda mbio tu, basi.

Kati ya watu 100 wanaoanza dawa hii, kama 20 hadi 30 wanapata usumbufu wa tumbo wa namna fulani. Wanaoshindwa kabisa kuendelea nayo ni kama 5. Waliobaki katikati hapo tumbo lao linaizoea, mara nyingi ndani ya wiki chache za mwanzo, na zaidi pale dozi inapopandishwa polepole: miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na chakula, mwili ukikubali baada ya wiki moja hivi inaongezwa, hadi kufikia dozi ambayo daktari ameipanga. Mtu anayeanzishwa kwa dozi kubwa siku ya kwanza ana haki ya kuuliza kwa upole kama anaweza kuanza kidogo kidogo.

Shangazi yangu wa Ujiji alikuwa akimeza kidonge chake baada ya swala ya alfajiri, kwa chai ya rangi, halafu anakula saa nne. Siku moja barazani kwake akaniambia, "Mwanangu, hii dawa inanikimbiza chooni, nitaiacha."

"Shangazi, unaimeza umekula nini?"

"Si nimekwambia, chai."

Akafungua pindo la kanga kunionyesha. Mlikuwa na nusu ya kidonge, amekikata kwa kisu cha jikoni kwa sababu kizima kilikuwa kinamkwama kooni. Niliomba paketi. Mbele ya neno metformin palikuwa na herufi mbili, SR.

Hapo palikuwa na makosa mawili, na hakuna aliyekuwa amemweleza lolote kati ya hayo. La kwanza, metformin inamezwa katikati ya mlo au mara tu baada ya kula, na chai ya rangi si mlo. La pili, herufi SR au XR kwenye paketi maana yake kidonge kimetengenezwa kitoe dawa taratibu kwa saa nyingi. Ukikikata, ukikisaga au ukikitafuna, dawa yote inamwagika kwa mkupuo, na ule utulivu uliotengenezewa unapotea. Kidonge cha namna hiyo kimeze kizima, isipokuwa mfamasia awe amekuambia kwamba hicho chako kinaweza kukatwa. Kama hakipiti kooni, sema, kuna vya kawaida ambavyo ni vidogo zaidi. Kliniki walimhamishia shangazi dawa yake baada ya chakula cha jioni, kizima, kwa maji. Safari za chooni zikapungua ndani ya siku chache.

Anayetumia vya SR asishtuke pia akiona kwenye choo kitu kama kidonge kizima. Ni ganda tupu. Dawa ilishatoka na kuingia mwilini.

Mlo wenyewe nao una neno. Wakati tumbo linajifunza dawa, sahani ya ugali wa muhogo iliyojaa hadi pembeni, na migebuka iliyokaangwa ikaogelea kwenye mawese, inaongeza mzigo kwenye utumbo ambao tayari unakwenda mbio. Sisemi mtu aache chakula cha kwao. Dagaa wa kuchemsha na nyanya, mboga za majani, na ugali mdogo zaidi vitamsaidia kwa wiki hizo, na vinaisaidia sukari yake pia. Kwa wanaofunga Ramadhani, wasiishushie metformin juu ya tende na kachori kisha wakalala. Waende kliniki kabla ya mwezi kuandama wapangiwe upya saa na dozi, kwa sababu vidonge vya jamii ya glibenclamide vinaweza kushusha sukari vibaya mchana wa funga.

Kuhusu figo

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na linaniuma kwa sababu limewaachisha watu wengi dawa: "metformin inaua figo." Haiui. Metformin inatolewa mwilini kupitia figo, na ndiyo maana figo zikiwa tayari zimechoka sana dawa inakosa njia ya kutoka, inalundikana, na kwa nadra inaweza kusababisha asidi hatari kwenye damu. Kwa hiyo daktari anapima damu ya figo, angalau mara moja kwa mwaka, na anapunguza au kusimamisha dawa pale inapobidi. Kinachoharibu figo za mgonjwa wa kisukari ni sukari kubwa ya miaka mingi pamoja na presha isiyotibiwa. Anayeacha dawa ili kuokoa figo anaziacha kwenye mikono ya hao wawili.

Kitu cha kweli ambacho watu hawakizungumzi ni vitamini B12. Ukitumia metformin kwa miaka, tumbo linaweza kuinyonya vitamini hiyo kwa shida, na upungufu wake unaleta ganzi miguuni na upungufu wa damu. Ganzi hiyo inafanana mno na ganzi inayoletwa na kisukari chenyewe, kwa hiyo inapitwa kirahisi. Dagaa, samaki, mayai na maini vina B12 nyingi, na hilo ni jambo jema kwa watu wa ziwani, lakini kama umetumia dawa kwa miaka mingi na miguu inachoma au inakufa ganzi, mwombe daktari aifikirie.

Sindano za kupunguza mwili

Hizi ni habari tofauti kabisa. Ukila, utumbo wako wenyewe unatoa homoni ya GLP-1, inayouambia ubongo "tumeshiba", inayochochea insulini, na inayopunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula. Ile ya asili inadumu dakika chache tu. Wanasayansi walitengeneza inayofanana nayo lakini inayodumu mwilini muda mrefu, hata sindano moja ikatosha kwa wiki. Semaglutide iliruhusiwa Marekani kwa kisukari mwishoni mwa 2017 kwa jina la Ozempic, na kwa kupunguza uzito mwaka 2021 kwa jina la Wegovy. Tirzepatide, ambayo inaiga homoni mbili kwa pamoja, ilifuata mwaka 2022 kwa jina la Mounjaro.

Kwa nini kichefuchefu? Fikiria mwalo wa Kibirizi asubuhi. Mitumbwi inakuja na mizigo kama kawaida, lakini leo wapakuaji ni wawili tu. Mtumbwi wa kwanza unapakuliwa polepole, wa pili unasubiri, wa tatu unasogea, na muda si mrefu pamejaa. Ukizidi kuleta mitumbwi, ya mbele inarudi ilikotoka. Sindano imepunguza wapakuaji wa tumbo lako. Ukila sahani ileile ya zamani, chakula kinakaa, unahisi kujaa, unapiga mbweu zenye harufu mbaya, kiungulia kinapanda, na mwisho unatapika. Juu ya hapo dawa inagusa pia sehemu za ubongo zinazohusika na kichefuchefu, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia vibaya hata akiwa amekula kidogo.

Katika utafiti mkubwa wa semaglutide ya uzito uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 1,961, kati ya kila 100 waliochomwa dawa, kama 44 walipata kichefuchefu, 32 waliharisha, 25 walitapika na 23 walifunga choo. Lakini soma na upande wa pili: waliochomwa sindano isiyo na dawa, kichefuchefu kiliwapata 17 kati ya 100. Walioacha dawa kwa sababu ya tumbo hawakufika 5 kati ya 100. Maudhi mengi yalikuja wakati wa kupandisha dozi, kisha yakatulia. Uzito nao ulishuka kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68, ukilinganisha na asilimia 2 na ushee kwa wasiopata dawa.

Kupandisha dozi ndiko kwenye siri ya dawa hii. Semaglutide ya uzito inaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, mtu anakaa hapo wiki nne, ndipo anapanda ngazi nyingine, na kufika kwenye 2.4 kunachukua miezi. Ngazi hizo ziliwekwa kwa ajili ya tumbo. Anayenunua kwa mtu mtandaoni na kurukia dozi ya shoga yake, aliye mwezi wa tano, anajitafutia kutapika siku nzima. Na kwa kuwa dawa inadumu, ukishajichoma huwezi kuirudisha, utaishi nayo kwa wiki nzima na zaidi.

Hapo pia ndipo penye hatari ya dawa bandia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko, ya mtu anayeuza kwa ujumbe wa simu huku kwetu ina dhamana gani? Sindano hizi zinatakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Iliyosafiri kwenye begi la basi kutoka Dar es Salaam, kwa joto lile, huwezi kujua imebaki nini ndani yake.

Na kuhusu tumbo "kugoma": kuchelewa kwa chakula tumboni ni sehemu ya kazi ya dawa, na kwa wengi ni kwa kiasi kidogo kinachozoeleka. Wachache hupata ucheleweshaji mkali unaolazimu dawa kusimamishwa. Yeyote anayetumia sindano hizi akipangiwa upasuaji lazima amwambie mtaalamu wa usingizi, hata kama alifunga kula usiku kucha, maana chakula kinaweza kuwa bado kipo tumboni na kikapanda hadi mapafuni akiwa amelala. Hili wengi wanalificha kwa aibu, na ni aibu inayoweza kuua.

Wapo wanaoamini kwamba kutapika ndiko kunakopunguza mwili, kwa hiyo wanavumilia wakidhani dawa inafanya kazi. Uzito unashuka kwa sababu hamu ya kula imepungua. Kutapika kunakuondolea maji na chumvi, na kukizidi figo ndizo zinazolipa. Kula kidogo, taratibu, acha mara unapohisi umetosheka hata kama sahani haijaisha, punguza vya kukaanga, kunywa maji mchana kutwa. Ukiona bado hali ni mbaya, dozi inaweza kubaki palepale kwa muda au kurudishwa chini.

Metformin na orlistat kwa wanaotaka kupungua

Kuna mabinti wanaonunua metformin duka la dawa ili wapungue mwili bila kuwa na kisukari. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, kwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, waliomeza metformin walipungua kwa wastani kilo 2.1. Waliobadilisha chakula na kufanya mazoezi walipungua kilo 5.6. Kuharisha kwa miezi ili upate kilo mbili ni bei mbaya.

Orlistat inazuia karibu theluthi moja ya mafuta uliyokula yasinyonywe, na mafuta hayo hayana njia nyingine ila choo. Ukila chakula cha mawese kama tunavyokipika Kigoma, utaona mafuta ya rangi ya machungwa yakielea chooni, na wakati mwingine yakivuja kwenye nguo kabla hujafika. Haudhuriki kwa hilo, ila utafedheheka, na vitamini A, D, E na K zinapotea pamoja na mafuta.

Pale ambapo si dawa

Mambo ya tumbo yakianza ndani ya wiki za kwanza za dawa, au mara baada ya dozi kupanda, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Yakianza baada ya miaka miwili ya dozi ileile iliyokuwa haina shida, tafuta kwingine kwanza. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu ya tumbo na utumbo, na mtu anaweza kutapika chakula cha jana au kuharisha usiku bila dawa yoyote kuhusika. Mitishamba michungu inayochanganywa na vidonge nayo inaharisha, lakini lawama inakwenda kwa kidonge. Mwambie mhudumu unachokunywa, hata kama unajua atakunja uso.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tuna la ziada la kuangalia. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Kagunga wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijijini, na kila mwenye kumbukumbu anajua ugonjwa ule unakwenda kasi gani. Choo cha maji matupu kinachotoka mfululizo, hasa kama na jirani anaumwa vilevile, kisiitwe "dawa ya sukari". Nenda kituo cha afya sasa hivi, na njiani unywe ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Ndiyo, mwenye kisukari anakunywa ORS: paketi moja kwa lita moja ya maji safi. Homa na kutapika kwa pamoja, pima malaria.

Ukitapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kula na kunywa, metformin inasimamishwa kwa muda hadi uanze kula tena, na sindano ya wiki haichomwi kabla ya kuongea na daktari. Glibenclamide bila chakula inaweza kukushusha sukari hadi uzimie, kwa hiyo piga simu kliniki au nenda siku hiyohiyo. Anayetumia insulini asiiache yote kwa sababu tu hajala. Anahitaji kupimwa na kuelekezwa dozi.

Na hizi hazisubiri asubuhi: maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni, hasa kwa anayetumia sindano, maana kongosho linaweza kuwa limevimba; macho kuwa ya njano na maumivu chini ya mbavu za kulia, ambayo yanaweza kuwa mawe ya nyongo; kutapika pamoja na kiu kali, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, ambayo ni sukari iliyopanda hadi damu ikawa na asidi; kutokojoa kutwa nzima; damu kwenye choo au matapishi. Kwa yoyote kati ya haya, tafuta usafiri hata kama ni bodaboda, na uende na paketi zote za dawa mkononi, na ile ya mitishamba pia.